Chujio Halina Hata Uzi

3 Februari

Kwako wifi yangu, Mama Pacha,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo. Natumaini hujambo, kaka yangu hajambo, na hao pacha wako hawajambo na wameacha kulambishana kamasi. Mama mpe shikamoo yangu, tena umpe kwa sauti, maana najua masikio yake. Mimi ni mzima, kazi tu. Msomee barua hii kama kawaida, kwa kuwa kwenye simu hasikii na anasema simu ikikatika hana cha kushika. Ila nikikwambia ruka, uruke. Sitaki ashindwe kula kwa ajili ya maneno yangu.

Kwanza, mikono ya Mama inaendeleaje?

Ruka hapa. Leo msimamizi wetu kaja chumba cha kufulia akasema mashine ya katikati haitoi maji, hebu niitazame. Nikapiga magoti, nikafungua kile kimlango cha chini, nikavuta chujio. Wifi yangu! Kimetoka kitu kama paka aliyekufa maji. Manywele ya kila rangi yamesukwa na ute mweusi wa sabuni, ndani yake mna plasta ya kidonda, kipande cha kucha ya mguu na jino la bandia. Jino! Yupo mtu amelala kwenye nyumba hii ya wageni, akaamka, akalipa, akaondoka na pengo, hakuuliza. Hiyo harufu sina la kuifananisha nayo. Nimeosha mikono mpaka imechoka na bado nainusa nikiwa naandika. Na ukiwaona wageni wenyewe sasa, wananukia, wanatembea kwa madaha, wanakuita "wewe wa mashuka". Uchafu wao wote unabaki kwangu.

Hapo acha kuruka, msomee Mama haya. Ile mashine ya kufulia niliyowaletea ni nzuri, lakini haipendi uvivu. Kila mkimaliza kufua, futeni ule mpira wa mlangoni kwa kitambaa kikavu, mpaka ndani ya mkunjo, huko ndiko ute unakoanzia. Mlango uacheni wazi upumue. Sabuni kidogo, msimwage kama mnalisha kuku. Chujio mlitoe kila baada ya muda mlisafishe, na mniambie mmekuta nini, maana mimi nawaambia ya kwangu, ninyi mnanificha ya kwenu. Na friji msilibandike ukutani, lina mgongo wake, linahitaji hewa. Mtu akitunza kifaa, kifaa kinadumu mpaka kinamzika.

Mwambie Mama mwezi wa nane nipo hapo, inshallah. Anitayarishie kitanda.

Ni mimi wifi yako wa ng'ambo


21 Februari

Kwako wifi yangu wa ng'ambo,

Salamu zako tumezipokea, na sisi tunarudisha zetu. Hatujambo wote. Kaka yako anakohoa kidogo lakini ni kikohozi cha kutaka kuhudumiwa. Pacha wameacha kulambishana kamasi, sasa wanapakana. Mama anaitikia marahaba, anasema unenepe kidogo, kwenye picha ya mwisho umekaa kama uzi. Vipi hali yako huko na baridi?

Barua yako niliiruka nilipoambiwa niruke, ila Mama si mjinga. Alisema, "Mbona umenyamaza na macho yanatembea?" Nikamwambia pumzi imenikatika. Ukweli mate yalinijaa mdomoni. Wewe unanijua mimi ni mtu wa kinyaa. Nilipokuwa na mimba ya pacha hata sauti ya mtu akinywa uji ilikuwa inanitapisha, na hali hiyo haijaniacha. Halafu unaniandikia jino!

Lakini nimekusikiliza. Jumapili nilimwita kaka yako tukalivuta friji. Lilikuwa limebandikwa ukutani, juu yake Mama kalitandika vitambaa vyake vya kufuma, kimoja juu ya kingine, vinaning'inia mpaka nyuma. Wifi, nilichokikuta huko nyuma, sikutegemea kukikuta kwenye nyumba ninayoishi. Zile waya zake zimevaa vumbi lenye mafuta, nene kama blanketi. Kuna kile kisinia kidogo cha chini kinachokusanya maji yanayodondoka, nani alijua kina kitu? Maji yalikuwa ya kijani, yana ngozi juu, na mende wazima na wafu wamo humo wanaogelea na kuzikana. Kaka yako akasema, "Toa wewe, wewe ndiye unayeandikiana na yule." Nikatoa. Nilitapika kwenye ndoo ileile niliyomwagia. Sasa friji halingurumi tena kama lori, maziwa yanakaa, na vile vitambaa nimevifua nikavificha. Mama kaviulizia, nimesema vinakauka.

Mashine ya kufulia usiwe na wasiwasi nayo kabisa. Inang'aa kama siku iliyoshushwa. Mpira mkavu, hauna hata doa. Na chujio pia usiwe na shaka, ni safi, halina hata uzi.

Mikono ya Mama bado. Kati ya vidole kumekuwa kweupe, kumelowana, kunapasuka, na kuna harufu fulani. Anaificha chini ya mtandio tukikaa kula. Nimemwambia twende zahanati, anasema ni uzee. Anakusalimu sana, anasema kitanda chako kiko tayari tangu mwaka juzi.

Ni mimi wifi yako, Mama Pacha


9 Machi

Kwa Mama Pacha,

Hamjambo? Mama hajambo? Mimi mzima. Barua hii usimsomee Mama yote, soma kimoyomoyo kwanza.

Chujio halina hata uzi. Nimelirudia neno hilo njia nzima kwenda kazini. Nyumba yenye watu watano, wawili kati yao ni pacha wa kiume wenye mifuko! Chujio la nyumba hiyo lilipaswa kuwa na uzi, mchanga, gololi, vijiti, sarafu, ute na mdudu mmoja au wawili. Mimi chujio ndilo kazi yangu, wifi. Chujio safi ni la mashine isiyofanya kazi. Kwa hiyo ama unanidanganya, ama mashine hamuitumii. Chagua moja.

Na kama mnaitumia, mikono ya Mama inalowana wapi? Niliinunua mashine ile nikiwa na picha moja kichwani, Mama kakaa kitini, mikono mikavu, mashine inazunguka. Hiyo picha ndiyo inayoniinua asubuhi nikaingize mkono kwenye uchafu wa watu nisiowajua. Sasa nambie ukweli, usinipige chenga.

Nimempa Mzee Mizigo, yule anayetusafirishia vifurushi, kopo la dawa ya mikono, lipo kwenye kifurushi pamoja na soksi. Ni la daktari, hapa halipatikani dukani ovyo, ni jipya. Mama apake akienda kulala, avae soksi mikononi, alale nazo. Siku za mwanzo itamwasha, avumilie. Halafu ngozi ya zamani itaanza kubanduka, asiivute, hasa ya kidole gumba, inakamatana na ukucha, akiivuta atajuta. Asubuhi vidole vitakuwa vigumu, asivae nguo za vifungo, atahangaika bure, avae za kuvutia kichwani. Na asishike ndimu. Kidonda kikifunga, aendelee, asiache mapema.

Nasubiri jibu la chujio.

Ni mimi wifi yako wa ng'ambo


2 Mei

Kwako wifi yangu,

Salamu baada ya kimya. Najua umenihesabia. Hatujambo, tunapumua, ingawa kupumua kwenyewe siku hizi kwenye nyumba hii ni ujasiri. Wewe hujambo? Nakuandikia nikiwa nimekaa nje, ndani bado sijazoea tena.

Umeniambia nichague moja, nachagua. Mashine haijawahi kufua hata soksi. Ilipofika, Mama alisema ipelekwe chumbani kwake, isichafuliwe jikoni. Ikakaa na nailoni yake, na yale maboya ya pembeni ya kuikinga isigongwe, na kile kikaratasi cha mlangoni. Kila nikisema, "Mama, tuiwashe basi," ananijibu, "Itafunguliwa siku mwenyewe akirudi. Nataka aikute mpya, aone nimemtunzia." Kwake yeye, wifi, kutunza ndiyo huko. Rimoti ya runinga iko kwenye mfuko wa plastiki tangu ilipokuja, pasi iko kwenye boksi, blenda inatolewa kufutwa vumbi na kurudishwa. Friji tu ndilo lililoponea, kwa sababu nyama haisubiri mtu arudi. Kufua anafua mwenyewe kwenye beseni, za kwake na za pacha, mimi nikiwa dukani kazini. Nikizificha nguo chafu anazitafuta. Akaniapisha nisikwambie. Ni mama mkwe wangu, ningefanyaje?

Sasa sikiliza, na wewe kama unakula acha.

Ilianza harufu. Nikadhani ni mikono ya Mama, Mungu anisamehe. Halafu nikadhani ni pacha wameficha kitu, walishawahi kuficha samaki. Harufu ikakua, ikawa inakupokea mlangoni. Mama anasema hasikii kitu, huku kajifunga mtandio puani. Mwisho kaka yako kalala chini kwa tochi, kaona mkia. Umetoka chini ya mashine, ukarudi ndani ya mashine.

Tuliichana nailoni Mama akilia kama tunamchana yeye. Nikafungua mlango. Wifi, kumbe Mama alikuwa anaitumia ile mashine kama sanduku lako. Kila akipata kitu kizuri anainua nailoni, anakiweka humo akusubirie. Taulo mbili, jozi ya mashuka mapya yenye maua, na biskuti zile za maziwa ulizokuwa unazipenda ukiwa mdogo, paketi kwa paketi. Panya wamepanda kwa chini, wametafuna ule mpira wako wa mlangoni, wakaingia kwenye karamu. Mashuka yalikuwa yamefanywa kitanda cha uzazi. Walikuwamo watoto wa panya, wekundu, hawana manyoya, wanajinyonganyonga kama vidole vilivyokatwa, na panya mwingine mkubwa kafa hapohapo pembeni, kalowa, ndiye aliyekuwa ananuka. Mkojo umekauka umekuwa gundi. Bomba la kutolea maji limetobolewa. Nilipiga kelele jirani akaja na ufagio akidhani napigwa. Sikutapika, nilipita kiwango hicho.

Na unajua Mama alisema nini? Hakutazama hata panya. Alisema, "Biskuti zake zote."

Kuna la kopo pia. Lilifika limechotwa. Limebaki nusu, tena mashimo ya vidole yanaonekana kabisa. Mama kakataa kulipaka, anasema hapaki masalio ya mtu asiyemjua. Nilimwendea Mzee Mizigo pale anapogawia vifurushi, mbele za watu, nikamwambia mikono ya mwizi haiponi hata kwa dawa ya daktari. Aliapa. Nikamwambia aape vizuri.

Nikumalizie na hili, na usinikasirikie peke yangu. Mashine ile imeoza kwa sababu inakusubiri. Kila mwaka unaandika mwezi wa nane. Mama anaamini mwezi wa nane.

Ni mimi wifi yako, Mama Pacha


20 Mei

Mama Pacha,

Sijui kama mko salama, natumaini. Salamu kwa Mama.

Sijala tangu nilipoisoma barua yako. Mwenzangu wa chumbani kaniuliza nani amefariki, nikamwambia mashine. Akacheka. Nilitamani nimpige na kiatu.

Ninyi ni watu wa namna gani? Mashine mpya, iliyotokana na jasho langu, mnaigeuza stoo ya biskuti! Mimi nashinda nimeinama nakwangua ute wa wageni kwenye mpira wa mlango kwa mswaki, kuna siku nimekuta funza, funza wazima, kwenye droo ya sabuni, na nimewatoa kwa kidole kwa sababu msimamizi anasema kijiti kitakwangua plastiki. Nikawa najiambia, si kitu, kule kwetu kuna mashine safi na Mama kakaa kitini. Kumbe kule kwetu Mama kainama vilevile, na mashine imezaa panya. Wewe nawe ulikuwa unaniandikia inang'aa, inang'aa! Nimewachoka wote. Nyumba hiyo inanitia kinyaa kuliko chumba hiki cha kufulia.

Haya, fanyeni hivi. Toeni vyote, chomeni visivyofulika. Ndani osheni kwa maji ya moto na dawa ya madoa, msisahau droo, msisahau nyuma ya mpira. Mpira mpya na bomba kaka atafute kwa mafundi wanaovunja mashine za zamani, zinaingiliana. Nyaya azikague moja moja kabla ya kuchomeka, panya anapenda nyaya kuliko biskuti. Halafu izungushwe tupu, maji ya moto kabisa, mara ya kwanza na ya pili, ndipo iingie nguo. Na ikianza kufanya kazi isisimame. Mpira usiotumika unakauka, pampu isiyotumika inaganda. Kukiacha kifaa kikae si kukitunza.

Mzee wa watu muacheni. Hakuiba.

Mama mwambieni mwezi wa nane. Usiniandikie tena mpaka mashine iwe inafua.

Wifi yako


16 Juni

Kwako wifi yangu,

Hujambo? Sisi hatujambo. Umeniambia nisikuandikie na mimi naandika, nikasirikie vizuri.

Mashine ni nzima. Kaka yako aliifungua yote, akatafuta mpira na bomba, akavibadilisha. Mimi niliosha ndani, glavu juu ya glavu, kitambaa puani, pacha wananisimulia kutoka dirishani kama watangazaji wa mpira. Kwenye chujio lako nilikuta makombo ya biskuti yaliyoota manyoya ya kijani, na mfupa mdogo. Umefurahi? Halina uzi, lina mfupa. Tukaizungusha tupu kama ulivyosema. Sauti yake nzuri, kama mtu anayenong'ona.

Asubuhi yake nikamkuta Mama kaivika kitambaa cha meza, kakifunga kwa kamba, na kiti kakiweka mbele yake. Kwenye beseni kaloweka nguo za shule za pacha. Nikamwambia, "Mama, kwa nini lakini?" Akasema, "Mwanangu, tukishaianza bila yeye ni kama tumekubali." Sikumwelewa. Nikaingiza mkono kwenye beseni nimsaidie, nikashika kitu kigumu, nikadhani kifungo. Ulikuwa ukucha wake. Umetoka wote kwenye kidole, unaelea kwenye povu. Nilikimbia nje nikakaa chini. Mimi nimetoa panya, nimetoa mende, lakini ule ukucha uliokuwa kiganjani mwangu, wifi, kile si kinyaa tena, sijui ni kitu gani. Niliporudi alikuwa kaendelea kufua.

Sasa sikia. Kaka yako ameniambia ulichomwambia kwenye simu, kwamba umeshatia saini kubaki huko miaka mingine. Hakuna mwezi wa nane. Siwezi kumsomea Mama neno hilo tena, mdomo wangu umekataa. Umetuambia kukiacha kifaa kikae si kukitunza. Unamuweka Mama hivyohivyo kwa hiyo ahadi yako. Muandikie wewe, kwa jina lake, ukweli. Nitamsomea bila kuruka.

Ni mimi wifi yako, Mama Pacha


28 Agosti

Kwa Mama yangu,

Shikamoo Mama. Natumaini hujambo. Mimi mzima.

Mama Pacha akusomee taratibu. Mama, mwezi wa nane unakwisha na mimi sikuja. Mwakani pia sitakuja, wala mwaka wa baada yake. Nimetia saini, nauli nimeila kwa kodi ya chumba, na kila mwaka nilijua sitakuja nikakwambia nakuja, kwa sababu nilipenda kusikia unaandaa kitanda.

Usinisubiri na vitu. Fungua mashine. Fungua pasi, fungua blenda, rimoti itoe kwenye mfuko. Mimi sikuvileta vikae vipya, nilivileta wewe usilowane. Siku moja nikija nikavikuta vimechakaa mikononi mwako, hapo nitajua umenitunzia.

Nisamehe Mama.

Mwanao


24 Septemba

Kwako wifi yangu,

Salamu nyingi kutoka kwa wote. Hatujambo, nyumba hainuki. Hiyo kwanza uijue.

Barua yako nilimsomea Mama akiwa kakaa kwenye kile kiti mbele ya mashine. Sikuruka. Nilipomaliza akasema soma tena, nikasoma. Halafu akaomba kisu cha jikoni, akaikata ile kamba mwenyewe, akavuta kitambaa cha meza. Akauliza, "Wanabonyeza wapi?" Nikamwonyesha.

Alichoingiza cha kwanza ni yale mashuka yako ya maua. Nilidhani tuliyachoma, kumbe aliyatoa kwenye moto nikiwa nimegeuka, akayaficha uvunguni na mkojo wake wa panya. Mimi na kinyaa changu nilirudi nyuma mpaka mlangoni. Yamezunguka, yametoka yana matundu lakini masafi. Kayaziba kwa uzi mweupe, kayatandika kitandani kwako, halafu kawaambia pacha kuanzia sasa walale pale, kitanda kisicholaliwa kinavunda. Alilia siku ile, sikufichi. Alilia huku anafuta ule mpira wa mlangoni mpaka ndani ya mkunjo.

Sasa mashine haipumziki. Chujio analitoa yeye, hataki mtu. Anatuita tukatazame: gololi, uzi wa tiara, nusu ya penseli, kifungo cha kaka yako alichokuwa anasema nimekitupa mimi. Mimi natazama kwa mbali.

Na dawa kaipaka. Alisema, "Kama hayupo wa kuniona nimejipamba, basi nijipake hata masalio." Soksi mikononi, akalala. Ikamwasha kama ulivyosema. Ngozi ikabanduka kama ulivyosema, na ya kidole gumba ikakamatana na ukucha kama ulivyosema. Asubuhi moja nikamkuta kakaa kitandani na blauzi yake, vidole vimekakamaa, anahangaika na vifungo. Nikamwambia, "Mama, si uliambiwa uvae za kuvutia kichwani?"

Akaacha vifungo. Akaniambia niilete ile barua ya dawa. Nikamsomea. Akasema rudia pale pa vifungo. Nikarudia. Akasema, "Haya si maneno ya daktari. Daktari hajui habari za vifungo. Huyu amejuaje?"

Akaomba kopo. Akaligeuza mwangani, upande ule aliokuwa hachoti, akatia vidole vyake kwenye yale mashimo, kimoja kimoja. Wifi, vilienea. Una vidole vya Mama, kila mtu kwenu anasema hivyo. Nikatoa picha zako zote ulizotuma. Moja mikono mfukoni, nyingine umeikunja kwapani, nyingine umevaa glavu ndani ya chumba. Mimi nilikuwa naona koti tu.

Siku ileile Mama kajifunga mtandio wake, kaenda kwa Mzee Mizigo na soksi zake mikononi, kamwomba radhi mbele ya watu walewale. Mimi nilikuwa nyuma yake, natamani ardhi inimeze. Mzee alisema amesamehe, lakini mizigo yangu mimi ataipekua daima.

Mikono ya Mama imepona, wifi. Ukucha unaota. Jana kapiga makofi pacha walipoimba, tulisikia sauti yake, kavu kabisa.

Kifurushi hiki amekifunga Mama kwa mkono wake. Karudisha kopo na dawa iliyobaki, yote, hataki kubakiza. Soksi kazifua kwenye mashine, ziko juu. Anasema chujio lako huko wakupe kijiti au walitoe wenyewe, na huyo aliyekutaka utie saini ana mikono mizima, afanye kazi hiyo yeye. Anasema mashine ameshaitumia, imeshachakaa kidogo, kwa hiyo huna cha kusubiri wala yeye hana.

Amenizuia nisifunge barua mpaka niandike hili kwa herufi kubwa kidogo, ulisome vizuri. Anasema wewe ndiye umekuwa ukiulizia mikono yake, na sisi ya kwako hatukuwahi kukuuliza. Kwa hiyo ukijibu anza na hili, kabla ya salamu, kabla ya shikamoo:

Mikono yako inaendeleaje?

Ni mimi wifi yako, Mama Pacha